Kifudifudi Siku Kumi na Nne

Kama gazeti la wiki jana ulifungiwa maandazi kabla hujalisoma, sikulaumu. Nakukumbusha kwa ufupi, halafu twende.

Mie ni Mwajabu, Mama Lulu wa Yombo Buza, mkodisha viti, sufuria na maturubai ya shughuli. Mume wangu Anwar, fundi wa mageti, alidondoka kutoka ghorofa ya pili akichomelea grili. Uti wa mgongo ukavunjika. Kuanzia kifuani kushuka chini hasikii kitu, hata umchome sindano.

Kwa kulalia sehemu moja akapata kidonda, juu kidogo ya makalio, pale mfupa unapokaribiana na ngozi. Nikakipaka asali. Nikakimwagia unga wa vidonge. Nikamkalisha miezi miwili juu ya mpira wa ndani wa tairi nikidhani namsaidia, kumbe mpira ule ndio ulikuwa unaibana damu isifike. Kidonda kikawa shimo. Hayo nilishayakiri hapa, mkanitukana vya kutosha, asanteni.

Tuliachana pale simu ilipoita na sauti ya mwanamke ikasema: "Mama Lulu, mzee wako amepata nafasi."

Nafasi yenyewe ilikuwa ya utafiti. Jina la hospitali silitaji.

"Zinaitwa seli shina," Daktari Erasmus alituambia, mtu mrefu, mpole, anayeongea kama anahesabu maneno. "Ziko ndani ya uboho wa mfupa wako mwenyewe, Anwar. Ni kama mtoto ambaye hajachagua kazi. Mpeleke gereji, anakuwa fundi. Mpeleke shamba, anakuwa mkulima. Tunazitoa kwenye nyonga, tunazikuza maabara, kisha tunazichoma kuzunguka kidonda. Pale zitakuta kazi ya kujenga nyama."

"Na zikigoma?" Anwar aliuliza.

"Zinaweza kugoma. Ndiyo maana unaitwa utafiti. Siwaahidi."

Nilimpenda kwa neno hilo. Miaka miwili kila aliyekigusa kile kidonda alituahidi.

Wakamtoa uboho. Tukasubiri wiki tatu. Wakamchoma Alhamisi asubuhi, na jioni tukarudi Buza na nesi wa vidonda, Sista Editha, mama mnene mwenye miwani ya kamba, ambaye masharti alinisomea kama hakimu.

"Siku kumi na nne. Kifudifudi, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia. Kila saa mbili unamgeuza. Kila ukigeuza, weka tiki kwenye karatasi hii. Chali, hapana. Kukaa, hapana. Hata kula, ale akiwa amelalia ubavu. Seli hizi ni changa, mama. Mtu akizikalia, anazinyima damu, zinakufa."

"Nimeelewa, sista."

"Wageni wawili kwa siku, wasiingie chumbani."

Hapo nilitabasamu tu.

"Siku ya kumi na nne nakuja na dozi ya pili. Iko kwenye friji, ina jina lake. Hiyo ndiyo ya kumalizia. Hakuna ya tatu."

Akaniandikia namba yake. Nikai-save. Na yeye akai-save yangu. Mkumbuke tu kwamba mie mwenyewe ndiye niliyemwambia, "Ni-save Mama Lulu Viti, utanipata muda wote."

*

Sasa wageni wawili kwa siku, nyumba ya Mwajabu? Mtaa mzima unajua kwangu hakufungwi. Viti vya biashara vimepangwa barazani, birika liko jikoni, na habari zote za Buza zinapita pale kwanza ndipo zinaenda kwingine.

Siku ya kwanza tu shoga yangu Filomena, jirani wa ukuta mmoja, akaja mbio na kanga moja.

"Shoga, kweli wamemtia shemeji nyama ya mtoto mchanga?"

"Nani kasema?"

"Dukani."

"Waambie dukani wamemtia nyama ya Anwar. Yake mwenyewe. Imetoka kwenye nyonga, imeenda kwenye makalio. Haijavuka hata wilaya."

Filomena alicheka mpaka akakaa chini. Kufika jioni dukani kukawa na habari mpya, kwamba Anwar anahamishwa makalio.

Lakini nilishika masharti. Naapa. Usiku, mchana, saa ikigonga, mie na binti yangu Lulu tunamgeuza. Lulu ana miaka ishirini na mbili, mikono yake ina nguvu kuliko yangu. Watu wakija, wanaishia barazani.

Siku ya nane, Ijumaa, Sista Editha alifungua bandeji, akapandisha miwani, akainama karibu zaidi.

Nikajua tayari, tumekwisha.

"Lete simu yako," akasema. "Mulika hapa."

Nikamulika. Lile shimo, ambalo zamani yai la kuku lingezama, lilikuwa limejaa nyama nyekundu, mbichi, yenye punje ndogondogo. Pembeni ngozi changa ilikuwa imeanza kuingia ndani.

"Hii nyama iko hai," Sista akasema taratibu. "Mama Lulu, hii iko hai kabisa."

Anwar, uso kwenye mto, akauliza, "Kunasemwaje huko nyuma? Mie huku sioni."

Nilikuwa nalia juu ya soksi zake.

*

Jioni ile ile, Lulu akaniita jikoni.

"Mama, kina Talha wanataka kuleta posa."

Talha ni kijana wa Kigamboni, fundi wa viyoyozi, ana adabu, anaswali. Nilikuwa namjua tangu zamani na najifanya simjui, kama mama yeyote mwenye akili.

"Lini?"

"Jumapili hii. Mshenga wao, Mzee Mwinshehe, anasafiri Jumatatu kwenda Tanga, hajui atarudi lini."

Jumapili. Siku ya kumi.

Nikaingia chumbani kwa Anwar. Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu kuna maneno nimewaambia watu wa Buza, na kuna yaliyosemwa kweli. Haya ndiyo yaliyosemwa kweli.

"Baba Lulu, washenga wanakuja Jumapili."

Akafurahi. Aligeuza shingo mpaka nikaona meno. "Kina yule Talha?"

"Kumbe unajua?"

"Kitanda kiko dirishani, Mwajabu. Nawasikia wakiagana tangu Ramadhani."

"Sasa utawapokeaje?"

"Hivi hivi. Tundika shuka hapa katikati, viti weka ukumbini, mlango uwe wazi. Mie nitasema nikiwa nyuma ya shuka. Watanisikia, nitawasikia."

"Nyuma ya shuka kama mwari?"

"Bora mwari. Mwari anatolewa nje siku yake ikifika. Zimebaki siku sita tu."

"Watu watasemaje?"

"Watasema baba yake Lulu mgonjwa. Uongo?"

Haukuwa uongo. Lakini mie nilishaiona ile shughuli kichwani. Nimepanga viti kwenye posa za watu miaka kumi na moja. Najua mshenga anakaa wapi, najua baba wa binti anakaa wapi, na najua wanawake wa jikoni wanachosema kiti cha baba kikiwa kitupu. Nilishawahi kukisema mie mwenyewe. Nisikie wazee wa Kigamboni wanaongea na shuka? Shuka linajibu?

"Nusu saa," nikamwambia. "Nakukalisha kwenye kochi, nakuwekea mito miwili, nakuvalisha kanzu nyeupe. Nusu saa, nakurudisha."

"Sista kasema nisikae."

"Sista hana binti wa kuozwa."

Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nikiwa nasonga ugali yananijia, naacha mwiko.

"Mie huko nyuma sisikii, Mwajabu. Wewe ndiye unayenisikilizia. Ukisema kitakuwa salama, nakuamini."

"Kitakuwa salama," nikasema.

*

Jumapili nyumba ilijaa, nyie! Wazee watano kutoka Kigamboni, kanzu zimenyooshwa. Wanawake jikoni. Filomena anakaanga sambusa huku anatoa taarifa ya kila anayeingia. Watoto wamejaa dirishani.

Na katikati ya ukumbi, kwenye kochi, Anwar wangu. Kanzu, kofia ya mkono, ndevu zimechongwa. Miaka miwili hakuna aliyemwona amekaa. Wanawake wawili walipiga vigelegele kabla posa haijasomwa.

Mzee Mwinshehe alikuwa mzungumzaji. Alianza na hodi ya kishenga, akaingia kwenye ukoo wa Talha, akapanda mpaka kwa babu aliyehamia Kigamboni kabla ya pantoni.

"Sie tumeona kitu chenu, tumekipenda," akasema. "Hatujui kama kina mwenyewe."

"Mwenyewe ni huyu hapa," Anwar akajibu, akajigonga kifua. "Na bado anapumua, kama mnavyomwona."

Ukumbi mzima ukacheka. Nikajiambia, unaona? Nyuma ya shuka utani huu ungefika wapi?

Nusu saa ikapita. Nikamtupia jicho. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso, linachuruzika mpaka kidevuni. Uso mwekundu. Nikachukua ncha ya mtandio nikamfuta.

"Joto," nikawaambia wageni.

"Kichwa kinanigonga, Mama Lulu," akaninong'oneza.

"Vumilia kidogo. Wanasoma barua."

Daktari alishatuambia: mwili wa Anwar hauwezi kusema "naumia" kule chini, kwa hiyo utasema kwa juu. Jasho. Kichwa kugonga. Alituambia. Mie niliyasikia kwa masikio haya. Na nikaleta pilau.

Walikula. Wakaomba dua. Mzee Mwinshehe akakumbuka kisa kimoja cha zamani, kirefu. Filomena akapiga picha: Anwar katikati, wazee pembeni, Lulu nyuma amejifunika. Picha ilikuwa nzuri, wallahi. Nikaiweka status hapo hapo: "Baba wa binti. Alhamdulillah."

Walipoondoka, adhana ya magharibi ilikuwa inaadhiniwa. Nusu saa yangu ilikuwa imegeuka masaa mawili na robo.

Mie na Lulu tukambeba mpaka kitandani, tukamlaza kifudifudi. Kanzu nyuma ilikuwa imelowa.

Nikafungua bandeji.

Pembeni, pale ngozi changa ilipokuwa inaingia, palikuwa na rangi ya bilinganya. Rangi hiyo ilizunguka upande mzima wa kushoto, pana kama vidole viwili, na ilikuwa laini kama tunda lililoanza kuoza.

Lulu alitazama. Akanitazama. Akatoka kwenda kuosha vyombo vya posa yake.

"Vipi huko?" Anwar akauliza.

"Salama," nikasema.

Nikachukua kalamu. Kwenye karatasi ya ukutani, mstari wa Jumapili, saa kumi na moja jioni, kifudifudi.

Nikaweka tiki.

*

Jumatatu akaamka na homa. Nikampa maji mengi, nikamgeuza kila saa moja badala ya mbili, kama mwanafunzi anayesoma asubuhi ya mtihani. Lulu alisema tumpigie Sista. Nikamwambia kesho anakuja, tusimsumbue.

Filomena aliponibana, nikamwambia: "Yeye ndiye aliyelazimisha. Unamjua shemeji yako, mbishi. Eti washenga wasimkute amelala. Ningefanyaje?"

"Wanaume!" Filomena akasikitika.

Kufika mchana, Buza yote ilijua Anwar ni mbishi.

Jumanne, siku ya kumi na mbili, baraza lilijaa tena. Wanawake wa kikundi chetu wamekuja kunipongeza, birika linazunguka. Na nani akaingia getini? Najma.

Najma ni wifi yangu, dada yake Anwar wa tumbo moja. Anakaa Boko, nyumba ya geti, kimya, mbwa tu ndio wanaongea. Tangu Anwar aumie alitaka kumchukua. "Kwako, wifi, mgonjwa na harusi vinalala chumba kimoja," alishaniambia. Na mie nilishamwambia kwake hata mzima atakufa kwa upweke.

"Karibu, wifi. Shikamoo," kwa sababu kanizidi miaka mitano, sina ujanja.

"Marahaba. Posa ya mtoto wa kaka yangu naiona kwenye simu, kama matangazo ya vifo."

"Ilikuwa haraka, wifi."

"Nimeona. Na kaka amekaa." Akavua viatu. "Kapona lini?"

Kabla sijajibu, Sista Editha naye akaingia, mkoba begani. Hakusalimia kwa kawaida yake. Alitazama viti, akahesabu vichwa, akapita moja kwa moja chumbani. Najma akamfuata. Mie nikawafuata. Na nyuma yangu, baraza zima likahamia ukumbini, kwa sababu mlango wa chumba chetu ni pazia tu.

Sista alimwamkia Anwar, akavaa glavu, akafungua.

Nilisikia pumzi yake.

Akabonyeza pembeni kwa kidole. Akasafisha. Akapima kwa rula ya karatasi. Kisha akaenda ukutani akasoma karatasi yangu, mstari mmoja mmoja.

"Tiki zote zipo."

"Ndiyo, sista."

"Kila saa mbili, siku kumi na mbili, hukuacha hata mara moja."

"Hata mara moja."

"Basi seli ndizo zimegoma. Niandike hivyo? Nikishaandika hivyo, dozi ya pili inamwagwa. Haina maana kumchoma mtu kitu ambacho mwili wake umekikataa."

"Kama ndivyo ulivyoona, sista..."

Akavua glavu moja. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akanigeuzia.

Baba wa binti. Alhamdulillah.

"Umeniomba niku-save, Mama Lulu. Nikaku-save. Jumapili jioni nilikuwa nakula, nikafungua status yako, nikaona mgonjwa wangu amekaa kwenye kochi."

Nyie, ukumbini hata kijiko hakikulia.

"Alikaa muda gani?" Sista akauliza.

Sauti ikatoka kwenye mto.

"Sista, nililazimisha mimi."

Nikageuka. Anwar alikuwa ameinua kichwa kadiri shingo ilivyomruhusu.

"Mke wangu alikataa. Mie ndiye niliyesema sipokei wageni nimelala. Niandike mimi."

Uongo ule ule. Ulitoka kwangu, ukazunguka Buza, ukapita dirishani kwake, akaukuta, akaamua kuuvaa. Alijua kila nilichosema barazani. Kitanda kiko dirishani.

"Umesikia?" Filomena akanong'ona nyuma ya pazia. "Si niliwaambia?"

Sista Editha alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Safari hii sauti yake haikuwa ya hakimu.

"Anwar, unajua unachosema? Karatasi uliyotia saini inasema hivi. Mgonjwa akivunja masharti kwa kutaka mwenyewe, tunamtoa. Hatugombani naye, ni haki yake, lakini anatoka, na dozi yake inamwagwa. Mlezi akivunja bila mgonjwa kutaka, tunambadilisha mlezi. Mgonjwa anabaki."

"Kidonda si kimeshakufa?" Anwar akauliza.

"Pembeni, ndiyo. Katikati bado ni nyekundu. Haijafa yote. Nikiondoa ile iliyooza na ukalindwa, keshokutwa dozi inaweza kuingia. Bila dozi, pale mfupa uko karibu. Homa uliyonayo ndiyo inabisha hodi."

Akabonyeza simu, akaweka spika. Sauti ya Daktari Erasmus ikajaa chumba.

"Editha, vipi?"

"Alikalishwa Jumapili, daktari. Mgonjwa anasema alitaka mwenyewe."

"Pole sana. Kama ametaka mwenyewe, sina njia. Mwandikie atoke."

Sista akafungua kalamu.

Wasomaji wangu, mnanijua. Kuongea ndiyo kazi yangu. Nimesuluhisha ndoa za watu, nimemkatiza sheikh katikati ya mawaidha kumwambia turubai linavuja. Lakini pale ulimi ulikuwa mzito kama sufuria la shughuli. Nje wanawake ishirini. Pembeni Najma. Nikisema, kesho dukani hakutakuwa na habari nyingine. Nikisema, Anwar anaondolewa mikononi mwangu.

Nisiposema, anaondolewa duniani.

"Mimi!" nikasema.

Kalamu ikasimama.

"Daktari, mimi Mwajabu. Anadanganya. Alisema tutundike shuka, apokee wageni amelala. Mie ndiye niliyekataa. Niliona aibu. Nilimwambia nusu saa, nikamwacha saa mbili na robo. Alitoka jasho nikamfuta. Alisema kichwa kinamgonga nikamwambia avumilie. Na hizo tiki za Jumapili nimeweka mwenyewe, na watu nikawaambia kalazimisha yeye. Hata homa ya jana niliificha."

Nyuma ya pazia mtu aliweka kikombe chini taratibu.

"Mwajabu," Anwar akasema, "nani kakutuma?"

Daktari Erasmus alivuta pumzi. Kwenye spika ilisikika kama upepo. "Asante, mama. Mgonjwa anabaki kwenye utafiti. Lakini haki ya kumlea kwa sasa huna. Nahitaji mlezi mwingine, nyumba tulivu, isiyo na wageni. Yupo?"

"Nipo," Najma akasema. Hakungoja hata neno liishe. "Boko. Chumba kipo, kina dirisha la uani. Mimi ni dada yake."

"Kwa muda gani?" nikauliza.

"Mpaka kidonda kifunge. Miezi mitatu, minne. Na mama, wewe usiende kule wiki za mwanzo. Sitaki msongamano. Gari la wagonjwa litafika hapo saa kumi."

Nikatazama saa ya ukutani. Saa nane na dakika kumi.

Najma alishaanza kukunja shuka. Sista anapanga bandeji. Nikadhani yamekwisha, nimelipa, angalau mume wangu kapona.

"Siendi."

Wote tukageuka.

Anwar alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili. Mikono ya fundi ile, bado ina nguvu.

"Siendi Boko. Kule nani ataniambia Filomena kasema nini? Nani atagombana dirishani nicheke? Miaka miwili mwili umekufa, sista, kilichobaki hai ni kelele za nyumba hii. Mkinitoa hapa mtakuwa mmetibu makalio tu."

"Kaka, acha utoto," Najma akasema.

"Siendi!"

"Bwana Anwar," sauti ya daktari ikatoka kwenye simu, "kukuchukua kwa nguvu siwezi. Usipotaka kwenda, huo sasa ni uamuzi wako kweli, siyo wa kusingiziwa. Nitakufuta. Gari likifika saa kumi likarudi tupu, dozi namwaga."

Simu ikakatika.

Sista Editha alinitazama. Wifi Najma akaacha shuka, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe na kaka yake, hakunitazama kwa dharau.

"Wifi," akasema kwa sauti ya chini, "mie hanisikii. Tangu mtoto hanisikii. Anakusikiliza wewe tu. Mwambie."

Nikapiga magoti chini, usawa wa mto, mpaka uso wangu ukakutana na wake. Macho yake yalikuwa mekundu ya homa. Akatabasamu, akidhani nimekuja kumtetea.

"Waambie, Mwajabu," akasema. "Waambie siendi."

Nikamshika mkono, nikauvua kidole kimoja kimoja kwenye chuma cha kitanda, nikafungua mdomo kumfukuza mume wangu nyumbani kwake.